Makopo Ishirini na Saba

Amedeus Dionisi alijifunza kuhesabu akiwa juu ya dungu. Kwa asiyekulia bonde la Kilombero, dungu ni kichanja cha miti kilichoinuliwa katikati ya shamba la mpunga, chenye paa la nyasi, na anayekaa pale kazi yake ni moja tu: kuamia, yaani kufukuza ndege. Anashika ncha ya kamba. Kamba hiyo imetandazwa shamba zima, nguzo hadi nguzo, na imefungwa makopo yenye kokoto ndani. Kwelea wakitua, anavuta. Makopo yanapiga kelele, ndege wanaruka. Wakitua tena, anavuta tena. Ni kazi ya kuchosha mtu mpaka akili, na ukizembea kidogo tu unalipia siku hiyo hiyo.

Baba yake aliishusha familia kutoka milima ya Mahenge ili walime mpunga Michenga. Akalima misimu michache, homa ikamchukua. Akabaki mama, Balbina, mwanamke mfupi, mkimya, asiyejua kuomba. Mpunga wake ndio uliomsomesha Amedeus, kuanzia shule ya misheni mpaka chuo cha ualimu, na kila fomula iliyokaa kichwani mwa kijana yule ilikuwa imelipiwa kwa gunia. Mwenyewe alilijua hilo, na alipenda kulitangaza, hasa akishapata kikombe cha pombe ya kienyeji. Lakini kulijua jambo na kuliheshimu ni vitu viwili tofauti.

Miaka ya tisini ilipofika katikati, alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari nje kidogo ya Kibaoni, mjini Ifakara. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, baiskeli, na suruali mbili za kuingilia darasani. Mke hakuwa naye. Aliyekuwa naye alirudi kwao Mahenge, akisema hawezi kuishi na mtu anayezungumza na ubao hata akiwa mezani. Watu walimcheka Amedeus kwa hilo, naye alicheka pamoja nao, lakini jioni nyumba yake ilikuwa baridi, na alichokuwa nacho cha kujivunia duniani ni darasa lake dogo la kidato cha sita, la kwanza katika shule ile.

Mwaka huo darasa likakwama. Likakwama kwenye mada moja ambayo hata vitabu vyenyewe huipita mbiombio: kuhesabu vitu vinavyotetemeka ndani ya kitu kigumu. Chukua kipande cha shaba. Unakiona kimetulia mezani, lakini ndani yake kila atomu inatetemeka mahali pake, na joto tunalolisikia mkononi ndiko kutetemeka kwenyewe. Kitabu kilieleza kwamba tukitaka kujua shaba inabeba joto kiasi gani, kwanza tuhesabu hivyo vitetemi. Vitetemi ni jina alilolibuni Amedeus mwenyewe. Kitabu kilikuwa na la Kiingereza, na wanafunzi walilikariri kama sala ya Kilatini, bila kujua wanaomba nini.

"Kila atomu ina vitetemi vingapi?" aliuliza.

"Sita, mwalimu," alijibu Mashimba, kijana mrefu ambaye wazazi wake walikuja bondeni na ng'ombe kutoka Usukumani. "Juu, chini, kulia, kushoto, mbele, nyuma."

"Vitatu."

"Mbona njia ni sita?"

Akachora. Akafuta, akachora tena. Ubao ni bapa, na kitu chenye pande tatu ukikilaza ubaoni kinabaki michoro tu. Akaenda stoo ya maabara kutafuta springi, akakuta mizani moja yenye kutu na panya waliozaa ndani ya sanduku la darubini. Alipouliza ofisini aliambiwa avumilie. Siku hiyo hiyo likaja tangazo: mkaguzi wa kanda angefika kutoka Morogoro Jumatatu ijayo, na angekaa kwenye kipindi cha fizikia.

Hapo ndipo yakamjia makopo.

Jumamosi alipanda baiskeli akaenda Michenga. Ilikuwa mwishoni mwa masika. Njia ilikuwa matope, na kwenye madaraja ya magogo alilazimika kuibeba baiskeli begani. Alimkuta mama yake juu ya dungu, kamba mkononi, akiangalia shamba la mpunga uliokuwa umetoka kuchanua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Unakula?"

"Nakula, mama." Akapanda, akaketi karibu naye, akaanza kueleza. Alieleza mkaguzi, wanafunzi, ubao, pande tatu. Balbina alisikiliza akiwa ameuangalia mpunga. Alipomaliza, mama akauliza swali la mkulima.

"Unataka kamba yote?"

"Yote, mama. Na makopo. Jumanne nakurudishia mwenyewe, nafunga mwenyewe. Mpunga wako bado haujatia maziwa. Kwelea hawana cha kufuata hapa wiki hii."

Hapo alisema kweli. Kwelea hataki ua, anataka punje changa yenye maziwa, ile anayoiminya kwa mdomo ikatoka ute mweupe. Balbina akageuza uso, akatazama ng'ambo ya tuta, kwa jirani yake Marselino.

"Wa Marselino umeshatia," alisema. "Alipanda ile mbegu ya muda mfupi."

"Mama, wa Marselino ni wa Marselino, na ana makopo yake. Sisi tuangalie wa kwetu."

Mwanamke yule alikuwa ameamia ndege kabla mwanawe hajaota meno. Neno lilimfika mdomoni, naye akalimeza, kwa sababu mwanawe ni mwalimu, na yeye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Laiti angelisema! Lakini wazazi wetu wakishatusomesha huanza kutuogopa, na hiyo ndiyo hasara ya kwanza ya elimu, ingawa hakuna mkaguzi anayeiandika.

"Chukua," alisema. "Ila kokoto usizimwage. Huku hakuna jiwe."

Ni kweli, hakuna. Bonde lile ni udongo mweusi mtupu, unaweza kuchimba mpaka kiunoni usikutane na jiwe la kumpigia mbwa. Kokoto zile Balbina alizibeba kichwani kutoka mtoni Kisawasawa, chini ya milima, enzi mumewe yuko hai. Amedeus akaitikia ndiyo, ndiyo, huku akifungua mafundo.

Jumapili baada ya misa alijenga kiunzi cha mianzi katikati ya darasa, kirefu kumshinda mtu. Akapitisha kamba kutoka kulia kwenda kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma, kutoka juu kwenda chini, na kila zilipokutana akafunga kopo. Makopo tisa chini, tisa katikati, tisa juu. Yalikuwa mazuri kuyaangalia, tena hata mtu mwenye huzuni kama yeye alitabasamu. Alipoligusa moja, yote yakapiga kelele kama gari bovu. Mwalimu wa historia aliyekuwa akisahihisha chumba cha pili akaja kulalamika: hivyo kesho watu watafundishaje? Amedeus akayafungua makopo moja moja akazimwaga kokoto dirishani, kwenye nyasi. Alikuwa na haraka, na wosia wa mama yake ulikuwa umeshabaki Michenga.

Jumatatu mkaguzi hakuja. Wakasema Jumatano. Jumatano wakasema Alhamisi, bila shaka yoyote. Amedeus alikitazama kile kiunzi, akafikiria kukivunja, kurudisha kamba, kisha kujenga upya; akaona ni upuuzi. Siku mbili tatu zina nini? Mpunga wa mama aliuona kwa macho yake. Alipiga hesabu ya shamba moja, akaipiga vizuri sana.

Alhamisi mkaguzi akafika, mtu mnene, mpole wa sauti, mwenye kalamu ya bei mfukoni. Akakaa pembeni. Amedeus akaanza kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa, na kwa muda mfupi mambo yakaenda. Kisha akaziona nyuso za wanafunzi zikifunga moja baada ya nyingine, kama maduka jioni, akaamua liwalo na liwe. Akageukia Kiswahili.

"Mashimba, njoo. Shika kopo hili la katikati. Lipeleke kushoto. Liachie. Limekwenda wapi?"

"Limerudi kulia, mwalimu."

"Linaweza kwenda kushoto lisirudi kulia?"

"Haliwezi. Kamba inalirudisha."

"Basi kushoto na kulia ni safari moja au mbili?"

Mashimba akalisukuma tena, akaliangalia linavyokwenda na kurudi. "Moja," alisema polepole. "Juu na chini, moja. Mbele na nyuma, moja. Kumbe ni tatu!"

"Makopo mangapi?"

"Ishirini na saba."

"Vitetemi?"

Darasa zima likajibu: "Themanini na moja!"

Alikuwa amewapata. Mwalimu yeyote anaijua saa hiyo, haiji mara nyingi. Akachukua kipande cha shaba mezani, chepesi kidogo kuliko kipande cha sabuni ya kuogea, akawaambia kwamba humu idadi ya makopo ni sita ikifuatwa na sifuri ishirini na tatu, na asiyeogopa azidishe kwa tatu. Walikuwa wanazidisha, wanacheka, wanabishana sifuri, pale mlango uliposukumwa.

Alikuwa Balbina. Khanga yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, matope yamekauka miguuni hadi magotini. Alikuwa ametoka Michenga alfajiri, kwa miguu. Sauti haikuwepo, alipotaka kuwasalimu wanafunzi ilitoka pumzi tu, na aliyekulia bonde lile hakuhitaji kuambiwa sauti hiyo imeishia wapi. Mtu asiye na makopo huamia kwa koo.

Amedeus alimwona, akaelewa yote papo hapo. Chaki ikamkatikia mkononi.

Yunis, msichana aliyekaa dawati la nyuma, akainuka. "Shikamoo, bibi. Karibu ukae." Balbina akaketi ukingoni mwa benchi ili asilichafue.

"Who is that?" aliuliza mkaguzi.

"Mzazi," alisema Amedeus.

Hakusema mama yangu. Alisema mzazi, kama ambavyo ungesema mgeni au mpita njia. Balbina alilisikia, akainamisha kichwa, akanong'ona: "Endeleeni, wanangu. Malizeni kwanza." Kisha akanyanyua macho akayatazama makopo yake yaliyoning'inia pale hewani yakiwa kimya.

Naye akaendelea. Mwenye kutaka kumlaani amlaani, lakini akumbuke kwamba yupo mkaguzi, lipo darasa, na ipo ile saa isiyokuja mara nyingi. Akajiambia ni robo saa tu. Yunis akanyoosha mkono.

"Mwalimu, umesema kila kopo linatetemeka peke yake. Mbona Mashimba akilisukuma moja, ya jirani nayo yanacheza?"

"Swali zuri. Kwa kweli yanachezeshana. Ila tukiyahesabu hivyo hesabu inatushinda. Kwa hiyo mfano huu unajifanya kila moja liko peke yake. Unasahau jambo moja ili tupate jibu."

"Unasahau nini?"

"Majirani," alisema Amedeus. Aliangalia nyuma ya darasa. Mama yake alikuwa amefumba macho.

Kengele ilipolia, mkaguzi alimwita kando, karibu na dirisha. Alizungumza kwa upole uleule. Kifaa ni kizuri, alisema, ubunifu upo. Lakini zaidi ya nusu ya kipindi kimefundishwa kwa lugha isiyoruhusiwa katika somo hili, na mtihani wa taifa hautawauliza hawa watoto habari za makopo. Hilo angeliandika kama lilivyo, asimchukulie vibaya. Nje ya dirisha, juu ya nyasi, kokoto za Kisawasawa zilikuwa zimelala, na Amedeus aliyekuwa akizitazama hakuziona.

Akaenda kupiga magoti mbele ya benchi. "Mama, nisamehe."

"Nimefuata kamba, baba," alinong'ona Balbina. "Wamekuja tangu juzi."

Walikivunja kiunzi kwa haraka kama nyumba inayoungua. Mashimba na Yunis wakajitolea kwenda nao. Kamba zikapakiwa kwenye kapu, makopo yakafungwa kwenye baiskeli ya kuazima, na Balbina akapakiwa nyuma ya baiskeli ya mwanawe. Kwenye magogo alishuka mwenyewe, akavuka mwenyewe, akapanda tena.

Walifika jua limeanza kuelemea upande wa milima ya Udzungwa. Kwa mbali Amedeus aliuona mpunga umesimama wima, akapata matumaini. Mjinga huyo. Mpunga wenye kitu huinama. Uliosimama wima ni mtupu. Alishika suke, akaliminya, likabonyea bila kutoa tone. Akashika la pili na la kumi. Chini, maganda yalikuwa yameelea juu ya maji kama pumba zilizomwagika.

Marselino alikuja akikimbia kwenye tuta, kofia mkononi, karibu alie. "Shikamoo, mama Balbina. Sijui niseme nini. Mimi nilikuwa navuta tu, navuta kutwa. Nikiwafukuza kwangu wanaruka, halafu wanatua hapa kwako ambako kumenyamaza. Niliposikia unapiga kelele peke yako nikamtuma mke wangu aje kukusaidia, lakini ni wengi mno. Ni kama wingu."

"Si kosa lako, Marselino," alinong'ona Balbina. "Mtu hawezi kuacha kuvuta kamba yake."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mpunga wa Balbina uliingia maziwa wiki ile ile, na hata kama ungechelewa, wa Marselino ulikuwa umeshawaita. Ndege hawajui tuta. Amedeus alisimama kwenye maji akiwa na suke tupu mkononi. Chakula cha mama yake cha mwaka mzima kilikuwa kimeruka kwenda kulala kwenye matete, naye ndiye aliyekifungulia mlango.

"Twende nyumbani, mama. Utakaa na mimi Kibaoni. Nitakulisha."

Balbina alikuwa ameanza kutoa kamba kwenye kapu.

"Mama, hakuna kitu tena hapa."

"Kwa Marselino kipo," alisema. "Shamba hili likinyamaza, ndiyo kituo chao. Wanapumzika hapa, wanarudi kwake. Funga hiyo nguzo ya kule."

Wakafunga, wote wanne, miguu ikizama. Mashimba alikaza mafundo; Yunis alikuwa akilia akiwa amewapa mgongo. Kamba zilipokaza, Balbina alipanda dungu, akaketi mahali pake, akaishika ncha. Kundi likatokea upande wa mto, jeusi, likijikunja na kujikunjua, likashuka. Akavuta.

Makopo yote yakatikisika, mpaka ya mwisho kwenye tuta la Marselino. Yalitikisika bila sauti.

Akavuta tena, akageuka kumwangalia mwanawe. Zile kokoto Amedeus alikuwa akiziona sasa, moja moja, juu ya zile nyasi chini ya dirisha.

Balbina hakumwuliza. Alijaza kifua pumzi akapiga kelele, na kwa kuwa sauti haikuwepo ulitoka mkwaruzo, kama wa mlango usiotiwa mafuta. Ndege wa mbele wakasita. Amedeus akapanda dungu akasimama kando yake akapiga kelele naye, kwa sauti yake yote ya darasani, na wanafunzi kule chini wakapokea, na Marselino ng'ambo akavuta makopo yake, mpaka kundi likainuka, likaelekea matete.

Walikaa pamoja kichanjani kama zamani, mama ameshika kamba, mtoto amekumbatia magoti.

"Yule mgeni wako," alinong'ona Balbina baada ya muda, "yule wa kalamu. Aliridhika?"

Amedeus aliutazama mpunga uliosimama wima kote, mwepesi, ukichezeshwa na upepo.

"Aliridhika sana, mama."

"Basi vizuri," alisema Balbina, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi mpunga haukwenda bure."